Mafuta ya Mitishamba ya Kihindi: Kazi Yake Kichwani na Mipaka Yake

Ukiuliza leo dawa ya nywele zinazokatika, wengi watakupa jibu moja: chukua mafuta ya nazi, tia uwatu, amla, majani ya mwarobaini, maua ya haibiskasi na habasoda, chemsha, chuja, kisha upake mpaka nywele zirefuke. Mapishi haya yametoka India, na huko yana umri mrefu na heshima kubwa. Yalipovuka bahari na kuingia katika majumba ya watu wengine, orodha ya viungo ilisafiri salama, lakini utaratibu ulioipa maana ukabaki nyuma.

Uchambuzi huu una maswali matatu. Wanaoyajua mafuta haya huyatengenezaje? Yanafanya nini kwenye nywele kwa ushahidi uliopo? Na anayetaka kuyapika nyumbani ajihadhari na nini? Nayaheshimu mafuta haya, na kwa sababu hiyo nasema wazi tangu mwanzo: ni mlinzi hodari wa nywele ulizo nazo. Kurudisha nywele pale ambapo vinyweleo vimekufa hayawezi, na anayeuza ahadi hiyo anawadhulumu watu ambao tayari wana huzuni.

Nchi moja, mafuta mengi

India haina mafuta mamoja ya nywele. Kila eneo hupaka kile kinachokamuliwa kwake. Kerala, kusini-magharibi, ni nchi ya minazi, na wenyeji wake huchemsha mafuta ya nazi na majani mabichi wakapata kile wanachokiita kaachiya enna, yaani mafuta yaliyopikwa. Jirani zao wa Tamil Nadu hupenda ufuta: alfajiri ya sikukuu ya Deepavali watu wa nyumbani hupakwa mafuta ya ufuta kichwani na mwilini, kisha huoga ndipo wavae nguo mpya. Kaskazini na mashariki, kuanzia Punjab hadi Bihar na Bengal, mafuta ya haradali ndiyo yanayotawala, na harufu yake kali hupanda puani kabla chupa haijafunguka sawasawa.

Nyuma ya desturi hizi zote kuna Ayurveda, elimu ya tiba ya kale ya India. Charaka Samhita, kimoja cha vitabu vyake vikongwe, huhesabu kupaka mafuta kichwani miongoni mwa kazi za kila siku za mtu anayejali afya, pamoja na kusafisha meno. Kitabu hicho kinasema kwamba mwenye desturi hiyo huepukana na maumivu ya kichwa, mvi za mapema na kipara. Dai hilo la kipara tutalipima mbele.

Kuna jambo ambalo mapishi yanayozunguka siku hizi hayalitaji: mafuta ni nusu ya kazi, na kuosha ndiyo nusu ya pili. Kerala majani ya haibiskasi hufikichwa ndani ya maji mpaka yatoe utelezi mzito wa kijani uitwao thaali, na huo ndio unaoondoa mafuta kichwani. Kwingine hutumika shikakai, maganda makavu ya mmea wa jamii ya mgunga yaliyosagwa, au ritha, tunda linalotoa povu kama sabuni, au unga wa choroko. Desturi kamili basi ni kupaka, kusugua kichwa kwa ncha za vidole, kuacha kwa muda, kisha kuosha. Anayepaka leo juu ya mafuta ya jana na ya juzi, wiki nzima bila maji, hafuati desturi ya Kihindi hata kama kila kiungo amekinunua kwa Mhindi.

Ufundi ulio ndani ya sufuria

Namna ya kupika ndiyo inayotofautisha mafuta ya mitishamba na mafuta yaliyoungulia majani. Kanuni ya Ayurveda, iliyoandikwa katika Sharngadhara Samhita, kitabu cha zama za kati, ni fungu moja la rojo la mimea, mafungu manne ya mafuta na mafungu kumi na sita ya maji ya mimea. Kwa vipimo vya jikoni: gramu 50 za rojo, mililita 200 za mafuta, na mililita 800 za maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye majani au yaliyochemshiwa majani hayo.

Msomaji atashangaa: maji mara nne ya mafuta? Ndiyo, na sababu zake ni nzuri. Kwanza, vitu vingi vilivyomo kwenye majani na matunda huyeyuka katika maji tu, kwa hiyo maji huvitoa kwanza ndipo sehemu yake ikutane na mafuta wakati mchanganyiko unapochemka na kukorogwa. Pili, maadamu maji yamo sufuriani, joto halipandi sana juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, na majani hayaungui. Maji yakiisha, joto la mafuta hupanda kwa kasi. Hapo ndipo dakika chache za uzembe huharibu kazi ya saa nzima.

Mpishi hujuaje kwamba maji yamekwisha? Huchota rojo kidogo kwa kijiko, akaliacha lipoe, akaliviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Likinata na kutanuka, bado. Likiviringika na kuwa utambi mwembamba usiokatika, limekaribia. Kisha huutupa utambi ule motoni na kutega sikio. Ukitatarika, maji yamo. Ukiwaka kimya, yamekwisha. Dalili ya mwisho iko juu ya mafuta yenyewe, kwani povu jepesi hutanda. Wataalamu hutenga viwango vitatu vya kuiva, laini, wastani na vikali, na kila kimoja kina matumizi yake. Yakipita hapo mafuta yameungua na hayafai tena.

Ukilinganisha na mapishi ya haraka ya leo, ambapo majani mabichi hutupwa katika mafuta ya moto kwa robo saa yakatolewa bado yana maji, utaona tofauti. Sikio la mpishi wa zamani lilikuwa likisikiliza jambo ambalo elimu ya vijidudu imekuja kulieleza baadaye: unyevu uliobaki ndani ya mafuta ndio unaoyaozesha.

Yako pia mafuta ambayo si ya jikoni kabisa. Mfano ni Neelibhringadi, mafuta mashuhuri ya Kerala yaliyoandikwa katika kitabu cha Sahasrayogam. Ndani yake mna maji ya majani ya mnili, ya bhringraj na ya amla, maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi na ya nyati wa kufugwa, na tui la nazi. Lakini katika rojo lake huingia pia gunja, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo sisi huziita tipitipi. Mbegu hizo zina abrini, sumu inayoua. Waganga wa Ayurveda huzitakasa kwa utaratibu maalumu kabla ya kuzitumia. Mtu wa kawaida akiona jina hilo katika mapishi, aache.

Kila kiungo na tabia yake

Kosa kubwa la mapishi ya sasa ni kudhani kila kitu kizuri kwa nywele kitafaa kikitupwa ndani ya mafuta. Viungo vina tabia tofauti.

Amla ni tunda dogo la kijani kibichi, chachu sana, lenye vitamini C na tanini kwa wingi. Vyote viwili hupenda maji. Vipande vikavu vya amla vikilowekwa katika mafuta baridi vitatoa kidogo mno, na ndiyo maana wazee walipitisha maji yake katika sufuria kwa ile kanuni ya mafungu kumi na sita.

Bhringraj, ambayo wanasayansi huiita Eclipta prostrata, ni mmea mdogo wa sehemu zenye majimaji. Huota wenyewe katika mashamba ya mpunga ya nchi nyingi za joto, Afrika Mashariki ikiwemo, na wakulima huung'oa kama gugu. Maua yake ni meupe na madogo kama vifungo, na ukipekecha jani lake kiganjani utomvu hugeuka mweusi. Weusi huo ndio ulioupa sifa ya kuzuia mvi. Asiyeujua mmea huu kwa yakini asichume chochote shambani. Anunue uliokaushwa kutoka kwa muuzaji anayemwamini.

Uwatu na haibiskasi ni jamii moja kwa matumizi. Fadhila yake kuu ni utelezi, nao utelezi ni wa maji. Punje za uwatu zilizokaangwa katika mafuta huacha harufu na rangi, lakini utelezi wake hauingii humo. Ziloweke usiku kucha, uzisage, upake rojo kichwani kabla ya kuosha, na hapo utaona nywele zikilainika na kupitika kwa kitana. Kwa viungo hivi viwili rojo ni bora kuliko mafuta.

Majani ya karipata na punje za habasoda ziko upande wa pili. Manukato yake huyeyuka katika mafuta kwa urahisi, kwa hiyo mapishi ya mafuta yanavifaa. Brahmi inahitaji tahadhari ya dukani: jina hilo hutumika kwa mimea miwili isiyo na undugu, Bacopa monnieri na Centella asiatica, na muuzaji anaweza kukupa wowote kati ya hiyo. Mwarobaini nao, uliotoka Bara Hindi na sasa umejaa pwani yetu yote, una majani yanayotumika kwa mba na muwasho. Mafuta ya mbegu zake ni makali, hayapakwi bila kuchanganywa, na mtoto asinyweshwe kamwe.

Ushahidi unasema nini

Nywele tunazoziona ni kitu kisicho na uhai. Uhai uko ndani ya kinyweleo, chini ya ngozi, na kichwa cha mtu kina vinyweleo karibu 100,000. Kila kimoja huotesha unywele kwa miaka kadhaa, kwa wastani wa sentimita moja hivi kwa mwezi, kisha hupumzika kwa miezi kama mitatu, unywele ukaanguka na mwingine ukaanza. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Tunapouliza kama mafuta yanasaidia, lazima tutenge mambo mawili: kulinda unywele uliokwisha kutoka, na kubadilisha kazi ya kinyweleo.

Kwa jambo la kwanza, ushahidi wa mafuta ya nazi ni mzuri. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, zenye afya na zilizoharibika, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu ni umbo la asidi ya lauriki, inayofikia karibu nusu ya mafuta hayo: ni fupi na imenyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele, wakati mafuta ya madini hubaki juu. Ni haki msomaji ajue kwamba watafiti hao walikuwa wa Marico, kampuni ya India inayouza mafuta ya nazi. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2001, ambao wao pia walishiriki, ulikwisha kuonyesha kwa vipimo vya maabara kwamba mafuta ya nazi hupenya na ya madini hayapenyi.

Kwa jambo la pili, ushahidi ni mwembamba. Utafiti wa mwaka 2003 wa haibiskasi na ule wa mwaka 2008 wa bhringraj ulionyesha manyoya yakiota upesi zaidi, lakini ni manyoya ya panya, na kilichopakwa ni dondoo zilizotayarishwa maabara. Ule wa haibiskasi ulikuta majani yana nguvu kuliko maua, ingawa mapishi mengi ya leo husifu maua. Panya hana kipara cha kurithi kama cha binadamu, kwa hiyo matokeo hayo ni mwanzo wa swali.

Vitunguu vina habari yake. Mwaka 2002 watafiti wa Iraq walichapisha matokeo ya wagonjwa 23 waliokuwa wakinyonyoka nywele kwa viraka vya duara, wakapakwa maji ya kitunguu kibichi mara mbili kwa siku. Baada ya wiki sita, 20 kati yao walikuwa wameota nywele, na kwa waliopakwa maji ya bomba ni 2 kati ya 15. Matokeo hayo yanavutia, ila yahusu maji mabichi ya kitunguu, kwa ugonjwa mmoja, kwa watu wachache. Hayamhusu mwenye kipara cha kurithi anayepaka mafuta yaliyokaangiwa vitunguu.

Tukirudi kwenye dai la Charaka Samhita, kipara cha kurithi huletwa na homoni zinazosinyaza vinyweleo pole pole. Nywele zinazoanguka kwa wingi miezi michache baada ya kujifungua au homa kali kwa kawaida hurudi zenyewe, na hapa ndipo mafuta mengi hupewa sifa yasiyoistahili: mama hupaka, nywele hurudi kwa wakati wake, chupa ikashukuriwa. Upungufu wa madini ya chuma, ambao nao huangusha nywele, hutibiwa kwa chakula na dawa. Nywele za pembeni zinazokatika kwa misuko ya kubana hupona kwa kulegeza misuko, tena mapema, kabla vinyweleo havijageuka makovu.

Madhara yasiyosemwa

Mafuta ya nyumbani yana madhara, na nyumba yenye busara huyajua. Mba yenye magamba ya manjano na wekundu huhusiana na hamira iitwayo Malassezia, na hamira hiyo hula mafuta. Mwenye mba ya namna hiyo akizidisha kupaka, huilisha. Mapunye ya watoto ni ukungu unaohitaji dawa ya kumeza ya hospitali, na kumpaka mtoto mafuta kwa miezi ni kumcheleweshea tiba.

Haradali huwasha ngozi, na kichwa cha mtoto mchanga si mahali pake. Mafuta ya nyonyo ni mazito mno. Mwaka 2017 madaktari wa India waliandika habari za msichana aliyepaka nyonyo iliyochanganywa na nazi, nywele zake ndefu zikashikamana kuwa bonge moja lisilochanika, ikabidi zikatwe. Maji yaliyobaki kwenye mafuta hukaribisha ukungu na bakteria. Vitamini E inayotiwa ili "kuyahifadhi" huchelewesha kuchacha tu, vijidudu haiviui. Na kiungo cha asili kinaweza kumdhuru mtu kama kilivyo cha kiwandani, kwa hiyo paka tone moja nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili, ndipo upake kichwa kizima.

Soko na ahadi zake

Biashara ya mafuta haya ni kubwa. Mwaka 2015 peke yake, kampuni ya Hindustan Unilever ilikubali kununua chapa ya Indulekha iliyozaliwa Kerala, na kampuni ya Emami ikainunua Kesh King. Chupa nyingi zinazouzwa kwa jina la amla zina mafuta ya madini kama msingi, na amla ni kiasi kidogo tu. Geuza chupa usome: kiungo kinachotajwa kwanza kwa kawaida ndicho kilicho kingi kuliko vyote.

India yenyewe inayajua majaribu ya kuahidi kupita kiasi. Kanuni zake za dawa zina Jedwali J, orodha ya maradhi ambayo dawa hairuhusiwi kudai kuyakinga au kuyaponya, na kipara kimo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mafuta safi ya nazi ya chupa ndogo yanaweza kutozwa kodi kama mafuta ya kula, maadamu hayakufungwa na kuuzwa kwa jina la mafuta ya nywele. Hilo lina faida kwa mnunuzi wa kwetu: mafuta safi ya nazi unayopikia yanakutosha pia kichwani, bila kulipia picha ya msichana mwenye nywele za kufika kiunoni.

Kwa anayetaka kuyapika hapa kwetu

Msomaji wa pwani yuko karibu na chimbuko kuliko anavyodhani. Mama wa Unguja, Lamu au Tanga anayechemsha tui mpaka mafuta yaelee juu na mashapo ya chini yapige rangi ya kahawia anafanya kile ambacho Kerala huita urukku velichenna, mafuta wanayopakwa watoto wachanga. Msingi mzuri wa mafuta ya nywele tunao, hauhitaji kuagizwa.

Tofauti iko kwenye nywele. Nywele za kipilipili hujikunja, mafuta ya ngozi hayashuki kwa urahisi hadi nchani, hivyo hukauka upesi na kukatika. Kwa nywele hizi mafuta ya nazi kabla ya kuosha yana faida ya kweli, na baada ya kuosha kiasi kidogo juu ya nywele zenye unyevu husaidia kuuzuia unyevu usitoke. Lakini mafuta si maji. Nywele kavu zilizopakwa mafuta bado ni kavu.

Ukitaka kupika, anza kwa kidogo: mililita 200 za mafuta ya nazi au ufuta, gramu 50 za bhringraj na amla zilizosagwa na kulowekwa, na maji yaliyochemshiwa mimea hiyohiyo. Tumia sufuria yenye kitako kizito na moto mdogo, koroga, na usiondoke. Utambi ukiwaka kimya, epua, chuja kwa kitambaa safi kikavu yangali ya moto, acha yapoe bila mfuniko, tia katika chupa ya rangi iliyokauka kabisa, andika tarehe. Yakianza kunuka uchachu au kuwa na ukungu, mwaga. Paka mara moja au mbili kwa wiki, saa moja au mbili kabla ya kuosha, kisha osha vizuri. Uwatu na haibiskasi viweke kwa ajili ya rojo.

Ukifanya hivyo, tarajia nywele laini, zisizokatika ovyo, na kwa sababu hazikatiki zitaonekana kurefuka. Ukiona viraka vitupu, ngozi inayouma, au kipaji kinachozidi kurudi nyuma, usimalize chupa moja baada ya nyingine. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kwa maana kinyweleo kilichokwisha kuwa kovu hakiamshwi na mafuta yoyote, ya Kihindi wala ya kwetu.